Niliamuru Barabara Ioshwe

Mimi ndiye niliyesema maji yamwagwe. Watu wa Mingoyo wamekuwa wakisimuliana kwamba ilikuwa amri ya askari, wengine wakasema ni watu wa barabara, na wapo wanaodai kuwa dereva mwenyewe alifanya vile ili kupoteza ushahidi. Wote hao wanasingiziwa. Dereva alikuwa amekwisha kukimbizwa hospitali na mguu uliovunjika. Askari aliuliza, nami nikajibu. Nilikuwa afisa ugani, bwana shamba wa miaka mingi mkoani Lindi, na usiku ule hapakuwa na mtu mwingine pale aliyedhaniwa kuijua shehena ile kuliko mimi. Neno langu ndilo lililofuatwa, na neno hilo lilikuwa kosa.

Sasa nimestaafu, na sitaki mtu mwingine aendelee kubeba lawama yangu. Nayaandika haya pia kwa ajili ya yule ambaye siku moja atasimama mbele ya lori lililopinduka, watu wakamgeukia na kumwuliza, "Hii kitu gani?" Nami nitaeleza kosa la usiku na kosa la mchana, maana yalikuwa mawili, na la mchana ndilo zito zaidi.

Kwa asiyepajua, Mingoyo ni kata ya Manispaa ya Lindi, na pale Mnazi Mmoja ndipo barabara ya Kusini inapogawanyika. Ukitokea Lindi mjini, njia moja inakwenda Mtwara, nyingine inapanda Mtama, Nyangao na Ndanda hadi Masasi. Malori ya korosho, saruji, mafuta na pembejeo yanapishana hapo usiku na mchana. Ikifika mwezi wa nne na wa tano, kabla mikorosho haijaanza kutoa maua, malori mengi yanakuwa yamebeba salfa.

Hapa kwetu salfa ina heshima yake. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zinazokaribia tani 145,000. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameanguka hadi chini ya tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye mashamba yao wakati wa operesheni ya vijiji, mikorosho ikaachwa ikamezwa na pori, kisha ubwiriunga ukaingia na kukausha maua ya ile iliyobaki. Watafiti wa Naliendele, kule Mtwara, ndio waliowaonyesha wakulima kwamba unga wa salfa, ukipulizwa alfajiri umande ungalipo na upepo umetulia, unauzuia ugonjwa huo. Tangu hapo familia nyingi za Lindi na Mtwara zimejenga nyumba na kusomesha watoto kwa msaada wa unga ule wa njano. Hakuna anayeuita kemikali. Wote wanauita dawa. Mimi mwenyewe nimeushika kwa mikono, nimeupuliza, nimeukohoa, nimelala chumba kimoja na mifuko yake. Nilikuwa nimeuzoea mno kuuogopa.

Lori lilianguka usiku, mwezi wa tano, masika yakiwa ukingoni. Lilishindwa kona likalalia ubavu, turubai likachanika, mifuko ya kilo 25 ikatapakaa nusu ya barabara na mingi ikapasuka. Taa za magari zilipoimulika ile njano kila mtu alitambua ni nini. Nyuma foleni ilikuwa imeshaanza: mabasi, malori, na gari dogo lenye mgonjwa aliyekuwa akiwahishwa mjini. Honi zilikuwa zikipigwa mfululizo. Askari wa usalama barabarani akanijia.

"Bwana shamba, hii kitu gani?"

"Salfa. Dawa ya mikorosho."

"Ina madhara?"

"Inawasha macho tu. Watu wajifunge vitambaa usoni. Ikimwagiwa maji, magari yatapita."

Hata jibu hilo, kwa salfa yenyewe, halikuwa jibu la mtu makini. Unga wa salfa ukitimka hewani unaweza kushika moto kwa cheche ndogo, na moshi wake ni gesi inayochoma mapafu. Nilikuwa nikilijua hilo. Pale pale bodaboda zilikuwa zimeegeshwa injini zikiunguruma na watu walikuwa wakivuta sigara kando ya mifuko, wala sikusema kitu.

Utingo, kijana aliyechubuka paji la uso, alikuwa amesimama ubavuni mwangu na bahasha mkononi. "Mzee, karatasi za mzigo hizi hapa," akaniambia. Nilizipokea, nikazikunja, nikazitia mfuko wa shati. Palikuwa na giza, mvua ilikuwa ikinyunya, na nilidhani ninayajua yaliyoandikwa humo.

Boza la maji lilipatikana, vijana wakashika makoleo, kazi ikaanza. Waliokuwa na makoleo walisukuma unga kando, mwenye mpira akawafuata kwa maji, na vyote vikateremkia kwenye mtaro wa barabara. Mtaro ule unaingia kijitoni. Kijito kinapita mabondeni kwenye mpunga, kisha kinaangukia kwenye mikoko ya Mto Lukuledi, unaokwenda kutokea Ghuba ya Lindi. Njia hiyo ya maji naijua hatua kwa hatua. Nimekuwa nikiwafundisha wakulima wa mpunga katika mabonde yale yale.

Sasa nifike mahali ambapo ningeweza kusimama na sikusimama. Salfa ya unga haiyeyuki majini. Ukiimwagia maji inaelea, inajikusanya mabonge, inabaki njano ile ile. Mwenye mpira alipouelekeza chini ya bodi la lori, maji yaliyotoka huko yalikuwa meupe, mazito kama tui la kwanza, na yalikuja na harufu kali ya mafuta iliyopanda puani hadi machoni. Nilikuwa na tochi. Niliyamulika, nikayatazama yakijipinda mtaroni kati ya mapande ya salfa. Nilitambua kwamba salfa haifanyi hivyo. Nikajiambia labda ni chokaa, labda ni rangi, mzigo wa mtu mwingine uliochanganywa humo. Kisha nikampungia mkono mwenye mpira aendelee.

Bwana shamba yeyote angelijua tui lile. Dawa ya maji ya kuulia wadudu, ile inayouzwa kwenye chupa na madumu, hutengenezwa kwa kuyeyusha sumu ndani ya mafuta pamoja na kitu kinachoyawezesha mafuta hayo kuchanganyika na maji. Mkulima akiitia kwenye bomba lake la kupulizia, maji yanageuka meupe papo hapo. Nilikuwa nimewaonyesha wakulima jambo hilo darasani na shambani, mwaka hata mwaka. Usiku ule lilitokea mbele ya macho yangu kwa kiasi ambacho sijapata kukiona, nikakataa kuliona, kwa kuwa kuliona kungemaanisha kuyasimamisha maji, kuirudisha foleni nyuma na kumwambia askari kwamba nilimjibu bila kujua.

Barabara ilifunguka kabla ya alfajiri. Abiria walifungua vioo wakanishukuru. Askari akanipa mkono. Nilirudi nyumbani na furaha ya mtu aliyewafaa wenzake, nikalala bila kuvua shati.

Asubuhi, yapata saa nne, nikaitwa zahanati. Kijana mmoja kati ya walioshika makoleo alikuwa ameletwa anatapika, jasho linamtiririka, mate yanamchuruzika asiweze kuyazuia, na misuli ya shavu inacheza yenyewe. Jirani alikuwa amekuja na maziwa ili anyweshwe. Muuguzi aliyazuia yale maziwa, akanigeukia.

"Ameshika nini huyu?"

"Salfa."

Akamfunua kope, akammulika. Mboni zilikuwa zimebana hadi zikabaki nukta. "Bwana shamba, salfa haifanyi hivi," akasema. "Kaniletee chupa, au kibandiko, au chochote kilichoandikwa."

Ndipo nilipokumbuka mfuko wa shati. Nilizifungua karatasi nikiwa nimesimama mlangoni. Juu palikuwa na mifuko ya salfa, kama nilivyodhani. Chini yake palikuwa na katoni za dawa ya maji, sumu ya wadudu ya jamii ya oganofosfeti, kwenye chupa za lita na madumu ya lita tano. Katoni zilipangwa chini, salfa ikawekwa juu. Lori lilipolala ubavu, mifuko ilizilalia katoni na kuzipasua. Yote yalikuwa yameandikwa kwa lugha niliyoweza kuisoma, kwenye karatasi nilizokuwa nazo tangu usiku.

Sumu za jamii hiyo hushika mishipa ya fahamu. Mwilini kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzima amri baada ya mshipa kuutuma msuli au tezi. Sumu hiyo humfunga mzimaji, amri ikabaki inapiga bila kikomo. Ndiyo maana jasho, mate, machozi na mitikisiko ya misuli huja kwa pamoja, na pumzi inaweza kukatika. Si lazima uinywe. Inapita kwenye ngozi, na nguo iliyolowa inaendelea kukunywesha kadiri unavyoivaa. Kijana yule alikuwa amelala na suruali ile ile iliyolowa mtaroni. Muuguzi alivaa glavu, akamvua nguo zote, akamwosha mwili kwa sabuni na maji mengi, akamchoma sindano ya atropini, akaagiza gari limpeleke hospitali ya mkoa na karatasi ile ikafuatana naye kwa nakala. Kijana alipona. Alipona kwa sababu ya mwanamke aliyekataa kuniamini.

Hapo ilikuwa bado kabla ya adhuhuri, na hapo ndipo kosa la pili lilipoanza. Nilikuwa nimekwisha kujua. Nilijua kilichoingia mtaroni, nilijua kinakokwenda, nilijua ni akina nani wanachota maji kule na ni akina nani wanavua. Simu nilikuwa nayo. Ningeweza kuwapigia Zimamoto 114 au polisi 112. Ningeweza kumwambia mtendaji wa kata atume watu wenye vipaza sauti mabondeni. Ofisi ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, inayosimamia maji ya Lukuledi, na ya Mkemia Mkuu wa Serikali Kanda ya Kusini, zote ziko Mtwara, mwendo wa saa chache. Sikumpigia mtu. Nilizikunja karatasi nikazirudisha mfukoni.

Nimejiuliza sana kwa nini, na sitaki kulipamba jibu. Niliogopa. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu, nikaogopa barua ya kujieleza na mafao kukwama. Zaidi ya hayo, niliogopa kushuka machoni pa watu walionishukuru alfajiri ile. Nilijiambia kwamba mto ni mkubwa, maji yatakuwa yamekwisha kuipeleka baharini, na kusema kungezusha hofu bure.

Alasiri ile ile nilikutana na bibi mmoja akipanda kutoka bondeni na ndoo kichwani. Namfahamu; hununua samaki kwa wavuvi, akawakaanga na kuwauza kwa abiria.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Akaitua ndoo miguuni pangu. "Bwana shamba, samaki wameelea kule bondeni, wengine bado wanatapatapa. Watu wanaokota. Nami nimepata hawa. Wanalika?"

Nilitazama ndani. Perege walikuwa wameachama vinywa, mashavu yametanuka. Juu yao palikuwa na kamba wadogo wa mikokoni wamelala ubavu, miguu yao ingali ikitikisika, mtikisiko ule ule mwembamba niliouona asubuhi kwenye shavu la kijana.

"Maji yamepungukiwa na hewa baada ya mvua, bibi," nikamwambia. "Hawana neno."

Nilimwambia hivyo karatasi zikiwa kwenye mfuko wa shati lile lile. Akanishukuru, akajitwika ndoo, akaenda zake. Hakuna aliyelazwa kwa kula samaki wale. Kwa hilo sistahili sifa. Mimi nilikuwa nimeruhusu waliwe.

Ukimya wangu uliendelea kuzaa madhara ambayo sikuyafikiria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka kanuni kwamba aliyechafua ndiye alipe. Wavuvi na wenye majaruba walikuwa na haki ya kudai, lakini dai linataka ushahidi, na ushahidi ni chupa ya maji na samaki waliochukuliwa mapema, wakafungwa kwenye barafu na kupelekwa maabara. Hakuna aliyechukua sampuli, kwa sababu hakuna aliyeambiwa. Siku zilipopita maji yakarudi kuwa maji, na hasara ikabaki kwa waliokula hasara. Niliosha barabara, na kwa kunyamaza nikaosha na haki za watu.

Kisha yapo madumu. Alfajiri ile, kabla lori halijavutwa, watoto na akina mama walipita wakaokota chupa na madumu yaliyobaki mazima. Dumu la lita tano lenye kizibo ni mali katika nyumba isiyo na bomba. Yalisuuzwa, yakatiwa maji ya kunywa, mafuta ya taa, mafuta ya kupikia. Plastiki hunywa sumu ya aina ile, na kusuuza kwa maji hakuitoi. Kila moja lilikuwa na mstari mpana wa njano chini ya kibandiko, alama ya daraja la sumu. Nyekundu ni kali kupita zote, njano inafuata, kisha buluu, kisha kijani. Ni somo langu mwenyewe, nimelifundisha miaka yote, nami niliyaona madumu hayo yakipita barabarani nikageuza uso.

Baada ya kustaafu nilianza kusoma yale ambayo ningepaswa kuyasoma nikiwa kazini, na nikakuta kwamba kosa langu lilikwisha kufanywa mahali pakubwa zaidi. Tarehe 1 Novemba 1986 ghala la kampuni ya Sandoz liliungua karibu na mji wa Basel, Uswisi. Ndani yake mlikuwa na viuatilifu tani kwa tani. Wazimamoto walifanya kazi yao, wakamwaga maji usiku kucha, moto ukazimika. Maji yale yalizoa sumu, yakaingia Mto Rhine ukageuka mwekundu kwa rangi iliyokuwa ghalani, na mikunga wakafa kwa maelfu mamia ya kilomita kuelekea chini. Sumu nyingi ilifika mtoni kwa njia ya maji yaliyomwagwa kuokoa. Nchi za bonde lile zilijifunza kutokana na usiku huo kwamba ghala la kemikali linahitaji mahali pa kuyakinga maji ya kuzimia moto yasitoke. Mizigo ya barabarani nayo imefika mitoni: mwaka 2019, mwezi wa pili, lori la asidi ya salfa lilipata ajali kusini mwa Kongo, karibu na Tenke, likaua watu takriban 20 na asidi ikatiririka hadi mtoni.

Mwaka huo huo, tarehe 10 Agosti 2019, sisi Watanzania tulipata msiba wetu Msamvu, Morogoro. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, likalipuka, zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Wakenya walikuwa wamepitia hayo hayo Sachang'wan tarehe 31 Januari 2009, nako zaidi ya watu 100 wakafa. Ajali yetu ya Mingoyo ilitokea baada ya Msamvu, na sote pale tulikuwa tukiikumbuka. Lakini somo tulilolibeba lilikuwa finyu: lori likianguka, usichote mafuta. Tulipoona halikuwa lori la mafuta tukapumua. Nilimsikia mtu akisema, "Afadhali, ni salfa tu," na wengi wakaitikia, nami nikiwa mmojawao. Hatari tuliyoijua haikuwepo, basi tukadhani hakuna hatari.

Nimeyapanga upya mambo ya usiku ule kichwani, na yaliyotakiwa hayakuwa ya gharama. Kwanza watu wangesogezwa mbali, upande ambao upepo unatoka na mahali pa juu, ili harufu na maji visiwafuate. Mwongozo wanaoutumia waokoaji wengi duniani unaanzia mita 25 kila upande kwa mzigo mkavu uliomwagika na mita 50 kwa mzigo wa maji. Lori la mafuta likishika moto, umbali unakuwa mita 800. Injini zingezimwa, sigara na viberiti vikatupwa mbali. Kisha ningesoma. Lori la kemikali hupaswa kuwa na bamba la rangi ya chungwa lenye namba za tarakimu nne, zinazosomeka ukiwa mbali: 1203 ni petroli, 1350 ni salfa. Bamba lisipokuwepo, zipo karatasi za mzigo, na mimi nilikuwa nazo mwilini. Namba hiyo na jina la dawa ndivyo vya kumsomea Zimamoto kwenye simu, na ndivyo vya kumpa muuguzi.

Mtaro ndio ungefuata. Makoleo yale yale yaliyosukuma sumu majini yangejaza udongo kwenye mtaro chini ya lori na juu yake, ukingo wa magoti tu, sumu ikabaki palepale. Dawa ya maji hufunikwa kwa mchanga au vumbi la mbao, ikanyweshwa humo, ikazolewa na kutiwa kwenye mapipa yenye vifuniko na kuandikwa. Mchanga haukuwa mbali. Lindi haikosi mchanga. Aliyelowa angevua nguo pale pale na kuoga kwa sabuni, haya ikawekwa kando. Watu wa mabondeni wangeambiwa usiku huo huo wasichote, wasivue, wasinyweshe mifugo. Na barabara ingebaki imefungwa hadi wenye vifaa wafike.

Najua kinachosemwa kuhusu kuifunga barabara ile, maana ndiyo tegemeo letu. Kimbunga Hidaya kilipoikata Somanga mwezi wa tano mwaka 2024, tulionja maana ya Kusini kutengwa na Dar es Salaam. Na usiku ule wa Mingoyo palikuwa na mgonjwa garini, ambaye angeweza kubebwa kwa machela kupitia upande salama na kuchukuliwa na gari lingine ng'ambo. Hatukulifikiria hilo. Honi zilifikiri badala yetu.

Msimu ulipopita nilianza kurekebisha nilichoweza, kwanza madumu. Nilipopita nyumba kwa nyumba nikiomba yarudishwe, watu waliyaficha. Nani atoe dumu zima kwa maneno? Nikanunua madumu mapya, nikawa nabadilisha moja kwa moja, na hapo yakatoka: mengine yana maji ya kunywa, moja lina togwa ya watoto. Niliyatoboa yote ili yasitumike tena, nikayakabidhi kwa wanaohusika na taka za viuatilifu. Karatasi za mzigo nikazipeleka kwa mtendaji wa kata pamoja na maelezo yangu yaliyosainiwa. Kisha nikaomba nafasi kwenye mkutano wa mtaa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Niliyasema yote: maji meupe, karatasi mfukoni, samaki. Baadhi walinifokea, na walikuwa na haki. Mvuvi mmoja aliniuliza nani atamlipa sasa. Sikuwa na jibu la kumpa. Bibi yule alikuwa amekaa mbele. Aliponyanyuka kusema, sauti yake haikupanda.

"Siku ile nilikuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye unayejua. Nisingemwuliza mwingine."

Hilo ndilo ninalolibeba. Kosa la usiku lilitokana na kiburi na haraka, na kwa hilo nimeomba msamaha. La mchana nililifanya nikiwa na ukweli mkononi, mbele ya mtu aliyeniamini, na kwa hilo nina deni la kulisema kila ninapopewa nafasi: kwa mabwana shamba wenzangu wanaopokea salfa kila msimu, kwa walimu, kwa wenyeviti wa mitaa yote iliyoko kando ya barabara hii kutoka Nangurukuru hadi Masasi. Wawe na rundo la mchanga na makoleo mahali panapojulikana, wawe na namba za simu ukutani, na wamchague mapema mtu atakayekimbia bondeni kutoa habari.

Na kama kuna msomaji ambaye naye amekalia jambo la namna hii, maji aliyoyaona yakigeuka rangi, pipa lililofukiwa, dumu lililochukuliwa, aseme leo. Akisema leo, sampuli bado zinaweza kuchukuliwa, daktari bado anaweza kujua anatibu nini, na dumu bado linaweza kuondolewa jikoni kabla mtoto hajalitia mdomoni. Mimi nilichelewa, na wako waliopoteza haki zao kwa sababu hiyo. Yeye bado ana wakati.